Fundi Nzabonimpa na Kingamwili ya Chuma

Mwalimu Umuhire alifika kwenye karakana ya Nzabonimpa Jumanne moja ya mwezi wa saba, daftari kwapani, viatu vimejaa vumbi la mtaa wa Mbugangari. Alikuwa ametoka kwa maseremala wawili na fundi cherehani mmoja. Wote walimsikiliza kwa adabu, wakautazama mchoro wake, kisha wakamwelekeza kwa mwingine. Nzabonimpa alikuwa anachomea fremu ya dirisha. Alizima mashine, akainua kinyago, akalipokea daftari kwa ncha za vidole ili asilichafue.

Aliona herufi Y iliyochorwa kwa kalamu ya bluu na nyekundu.

“Hii ni antene?” aliuliza.

Umuhire alicheka, akavuta kreti tupu na kuketi. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari pale Gisenyi, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, aliyekulia Karagwe kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanzania, ambacho watu wa Mbugangari hupenda kukisikiliza hata kama hawana haja na kinachosemwa. Alimweleza fundi kwamba ule mchoro ni wa kingamwili, kitu ambacho miili yetu hutengeneza ili kukamata vijidudu vya magonjwa. Kimo ndani ya damu, na ni kidogo kiasi kwamba ukikikuza mara milioni mia ndipo kitafika kifuani pa mtu mzima. Wanafunzi wake walikuwa wanaichora ile Y vizuri kabisa kwenye mitihani. Lakini ukiwauliza kwa nini ina mikono miwili, inakunjika wapi, na inashikaje, walikuwa wanaandika maneno ya kujaza nafasi. Alitaka kitu cha kushika kwa mikono, cha kufungua na kukunja, na alikitaka kabla ya maonyesho ya sayansi ya mwezi wa kumi.

Nzabonimpa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia atafanya, ila kwa sharti moja.

“Mwalimu, mi nafanyaka mulango kama najua nani atapitia. Bila kuelewa hii kitu, nitakutengenezea herufi ya shule tu. Utakuwa unakuja kunifundisha.”

Wakakubaliana iwe kila Alhamisi baada ya vipindi.

Nzabonimpa alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, akajifunza kuchomea kwa mjomba wake kulekule, na akavuka mpaka pamoja na wazazi wake mwaka wa 1995 akiwa kijana mwenye mashine moja iliyofungwa kwa kamba juu ya mkokoteni. Nusu ya mageti ya Mbugangari yalitoka mikononi mwake. Alisoma miaka sita tu, kwa Kifaransa, lakini hakuna aliyemzidi kwa kupima kwa macho. Watu walimwita Papa Akaliza, kwa jina la binti yake wa pekee, na walimjua kwa usafi wake. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani alikuwa anaoga kwenye bomba nyuma ya karakana, anabadilisha nguo zote, toka kofia mpaka viatu, na nguo za kazi anazitundika pale pale kwenye msumari. Hata mvua ikinyesha. Majirani walikuwa wanasema yule ni fundi mwenye tabia za daktari.

Alhamisi ya kwanza Umuhire alianza na hesabu. Kingamwili, alisema, imeundwa na minyororo minne: miwili mizito na miwili myepesi. Mizito ndiyo inayotoka chini hadi juu, ikiachana katikati kama njia panda. Myepesi imelala ubavuni mwa mikono tu, haifiki kwenye mguu. Na kila mnyororo haukunyooka, umejikunja kuwa mabonge. Mzito una mabonge manne, mwepesi mawili. Nzabonimpa alihesabu kwa chaki sakafuni, akapata mabonge kumi na mawili.

“Na bonge liko namna gani ndani?” aliuliza.

Umuhire akachukua shuka la kukinga vumbi lililokuwa juu ya mashine, akalikunja mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka likawa tabaka mbili zinazotazamana. Akasema katikati pana pini moja ya salfa inayozishikilia zisifunguke. Fundi alilitazama lile shuka muda mrefu. Kesho yake alikata kanda za bati nene, akazikunja vilevile kwa nyundo na koleo, akatia bolti moja katikati ya kila bonge. Mabonge kumi na mawili yalimchukua wiki mbili, kwa sababu mawili ya kwanza hakuyapenda akayatupa.

Alhamisi ya tatu walipata shida. Nzabonimpa alikuwa amemaliza mikono, na alikuwa ameifanya kama ya binadamu, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, vidole vikielekeana. Aliipenda sana kazi hiyo. Umuhire aliizunguka mara mbili, kisha akamwambia polepole kwamba mikono ya kingamwili haina kulia wala kushoto. Ni mmoja uleule uliorudiwa mara mbili, hata vidole vyake sita vya kushikia, pale nchani, vinafanana, vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mwepesi. Kingamwili moja inajua kukamata kitu kimoja tu, na inakikamata kwa mikono yote miwili.

Fundi aliondoka akanywa chai kwa jirani, akarudi, akaukata mkono wa kushoto kwa msumeno. Alisema baadaye kwamba siku hiyo ndipo alipoanza kukiheshimu kile kitu.

Kiunoni, pale mikono inapoachana na mguu, alitia bawaba mbili za geti, akazifunga kwa bolti mbili za kupita katikati, kwa sababu pale pia minyororo mizito imeshikanishwa kwa salfa. Ukiisukuma, mikono ilikuwa inafunguka na kufumba kwa sauti ndogo ya mafuta. Umuhire alipoijaribu mara ya kwanza aliirudia kama mara kumi, akasahau kuwa alikuwa na haraka.

Ukabaki mguu. Na ni mguu uliobadilisha maisha ya nyumba ile.

Nzabonimpa alikuwa ameshaelewa mikono. Ilikuwa ya kukamata. Hakuelewa mguu ni wa nini, kwa kuwa kitu chenyewe hakisimami, kinaelea kwenye damu. Alimuuliza mwalimu, na Umuhire akafurahi, kwa maana ndilo swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. Akamweleza kwamba mguu ni wa kuzungumza na mwili. Mikono ikishakamata, mguu unabaki nje, na walinzi wa mwili wanaushika huo mguu na kujua kuwa hapa pana kitu cha kuangamizwa. Tena mguu huohuo ni tiketi. Mama akiwa mjamzito, kwenye kondo la nyuma kuna kitu kinachoukamata mguu wa kingamwili na kuivusha mpaka kwa mtoto. Ndiyo maana mtoto mchanga anazaliwa akiwa tayari na ulinzi aliopewa na mama yake, kabla mwili wake haujajifunza kutengeneza wa kwake.

Nzabonimpa alikuwa ameshika bonge la mwisho. Aliuliza kama inaweza kutokea kingamwili ya mama ikavuka na kumdhuru mtoto.

Umuhire alisema hutokea, ingawa si mara nyingi. Kuna alama iliyoko juu ya chembe nyekundu za damu za watu wengi, na watu wachache hawana. Mama asiyekuwa nayo akimzaa mtoto aliyeirithi kwa baba, siku ya kuzaa damu zao huchanganyika kidogo, na mwili wa mama unaiona ile alama kama kitu kigeni. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati shida. Lakini mwili umeshajifunza. Wanaofuata, kingamwili zinavuka na kukamata chembe zao za damu.

“Ile alama iko na jina?” aliuliza fundi.

“Inaitwa Rhesus,” alisema Umuhire.

Nzabonimpa aliliweka bonge mezani. Alivua glavu, akazilaza moja juu ya nyingine, akaketi kwenye kreti ya mwalimu. Umuhire akadhani amepatwa na kizunguzungu cha moshi. Fundi akamwambia kwamba hilo neno alilisikia mara moja tu maishani, mwaka wa 2005, kwa daktari mmoja upande wa Goma, aliyelisema kwa Kifaransa huku anaandika, na akatoka kabla ya mtu kuuliza. Yeye na mke wake walidhani ni jina la ugonjwa unaokaa ndani ya ukoo.

Walikuwa wamepoteza watoto watatu. Akaliza alizaliwa mwaka wa 1998, nyumbani, kwa mkunga, mzima na mwenye sauti kubwa. Baada yake mmoja alizaliwa akaishi siku nne, macho yake yakiwa ya manjano. Wawili hawakufika hata kuzaliwa. Mwalimu alimwambia pole. Fundi alimshukuru.

Alikaa siku tatu bila kumwambia mkewe, maana hakujua aanzie wapi. Mkewe huyo, Mukantwari, aliyeitwa Mama Akaliza, alikuwa mwanamke wa kazi nyingi na maneno machache. Alikuwa ananunua vitunguu na karoti kwa wakulima wa Nyakiriba na kuvivusha Goma kila asubuhi, na hakuna afisa wa mpakani asiyemjua. Kuhusu wale watoto watatu hawakuwa wanazungumza. Si kwamba walikatazana. Kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Jumapili baada ya misa alimkuta kibarazani anachambua vitunguu, anatoa maganda makavu na kutenga vilivyooza. Akaketi naye, akachukua kisu, akaanza kumsaidia. Alimweleza habari ya kile chuma toka mwanzo, minyororo minne, mikono miwili inayofanana, mguu unaovuka. Mama Akaliza alikuwa anaitikia kama mtu anayesikiliza habari za kazi za mumewe. Mumewe alipofika kwenye lile neno, yeye akasimamisha kisu.

Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano kwenye mikunjo. Nzabonimpa alidhani ile karatasi ilipotea zamani. Kumbe ilikuwa imekaa miaka yote pamoja na kadi za ubatizo, chini ya sanduku. Neno lilikuwepo, kwa wino wa bluu.

“Mi nilifikiri ni juu ya magunia,” alisema Mama Akaliza. “Nilibeba vitunguu mpaka mwezi wa saba, kila mimba. Mama yako alinikataza, sikumusikia. Nikasema ni mi njo nilibaua batoto yetu.”

Nzabonimpa alitazama chini.

“Na mi nilifikiri ni moshi yangu,” alisema. “Moshi ya kuchomea, na ile vumbi ya chuma kwenye nguo. Njo maana naogaka kule atelye. Nilisema sitaingiza tena ile kitu mu nyumba.”

Mkewe alimtazama kwa mshangao. Miaka ishirini na kitu amekuwa akimwona mumewe anarudi akiwa amekoga, na hakuwahi kuambiwa sababu. Akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba miaka ya mwanzo alidhani kuna mwanamke mjini, na kwamba aliwahi kumtuma dada yake amfuatilie wiki nzima. Dada alirudi na habari kuwa shemeji hana mtu, isipokuwa vyuma. Nzabonimpa alicheka kwanza, kisha mkewe, na kicheko kikawashika wote wawili kwa namna isiyokuwa mbali na kilio. Vitunguu viliwapa kisingizio cha kufuta macho.

Walipotulia mkewe alitaka aelezwe tena, polepole, ile sehemu ya mwili wa mama. Nzabonimpa akachukua vitunguu viwili kumwonyesha, akaviacha, akatumia mikono yake mwenyewe. Mwili wako uliona mgeni, alimwambia. Ukatengeneza mikono ya kumkamata.

“Donc, kumbe mwili yangu ilikuwa inanilinda,” alisema Mama Akaliza.

“Ilikuwa inakulinda. Haikujua kama ni mutoto.”

Alirudia maneno hayo ya mwisho peke yake, kama mtu anayeyapima uzito. Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa linamla tangu mwezi wa tano. Akaliza, aliyeolewa na Shyaka wa pikipiki, alikuwa na mtoto mmoja wa kike, na sasa alikuwa na mimba ya pili. Kwake yeye mama, mimba ya pili ndiyo iliyoanza kuharibika. Mama alikuwa anahesabu miezi, chakula hakimpiti vizuri, hataki kununua hata soksi ya mtoto. Kila mara bintiye alipompigia simu, alijiandaa kwa habari mbaya kabla ya kuipokea.

Jumatatu Mama Akaliza hakuvuka mpaka. Walikwenda wote wawili kituo cha afya, wamevaa nguo za kanisani, na kwa fundi wa maabara, kijana mpole aitwaye Igor, Nzabonimpa alianza kueleza minyororo mizito na myepesi mpaka Igor akaweka kalamu chini na kumuuliza amesomea wapi. Akawachoma vidole. Alitandaza matone ya damu kwenye kigae cheupe, akatia dawa, akakitikisa taratibu, akawaita waone. Damu ya Nzabonimpa iliganda vipunje kama maziwa yaliyokatika. Ya Mama Akaliza, chini ya dawa ileile ya Rhesus, ilibaki laini.

Igor aliwaeleza kuwa zile ni kingamwili pia, zimo ndani ya chupa ile ya dawa, na vipunje ni chembe za damu zilizoshikwa mkono huku na mkono huku mpaka zikakusanyika. Nzabonimpa aliinama karibu na kigae. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona zikifanya kazi, na alisimama pale mpaka mtu wa nyuma yake kwenye foleni akakohoa. Igor hakutaka kuapa kuhusu watoto wote watatu, kwa sababu hakuwepo, lakini alisema karatasi na damu vinakubaliana.

Kisha Mama Akaliza akatoa kadi ya kliniki ya binti yake, aliyokuwa ameiomba asubuhi ile bila kusema sababu. Igor aliisoma. O, Rhesus positif. Akamwambia mama kwamba binti yake anayo ile alama, aliirithi kwa baba, kwa hiyo mwili wake hauwezi kuiona kuwa mgeni, hata kwa mimba kumi. Kwa jambo hili hakuna cha kuogopa. Mama Akaliza alimwomba arudie. Igor akarudia. Akaomba aandike. Igor akaandika kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, na mama akakikunja mara nne.

Likabaki kumwambia Akaliza mwenyewe. Nzabonimpa hakutaka. Aliona kuna sehemu ya habari ambayo ingemuumiza, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa na alama, na ni kuzaliwa kwake kulikoufundisha mwili wa mama. Alisema wampe ile habari njema peke yake. Mkewe alikataa. Alisema nyumba yao imeshakaa na mambo ya kufichana kwa ajili ya kuhurumiana, na ameona faida yake.

Akaliza alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mkono juu ya tumbo. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, mwepesi wa kuelewa kama baba yake. Alifika pale pale walipoogopa.

“Donc ni mi njo nilianzisha?”

“We ulizaliwa tu,” mama yake alimjibu. “Kuzaliwa haiko kosa. Kama ningejua yote mbele, ningekuzaa tena.”

Siku mbili baadaye Akaliza alikuja na samaki wadogo wa ziwani, sambaza, waliokaangwa vizuri, akakaa na mama yake tangu adhuhuri mpaka jua linazama, na akamuuliza majina ambayo wale watatu wangepewa. Mama alikuwa nayo yote. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja sokoni kununua soksi.

Nzabonimpa alimaliza mguu wa kingamwili katikati ya mwezi wa tisa. Kati ya mabonge ya chini alitia matawi mawili ya nyaya yenye shanga, kwa kuwa Umuhire alisisitiza kuwa pale pana sukari iliyoshikamana na protini, na bila sukari hiyo walinzi wa mwili hawaushiki mguu vizuri. Minyororo mizito aliipaka bluu, myepesi nyekundu, vidole akaviacha bila rangi, chuma kitupu kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Alisema vidole ndivyo vinavyobadilika toka kingamwili moja hadi nyingine, kwa hiyo vikipakwa rangi vitaonekana kama vimekwisha kuamuliwa. Umuhire alimwambia kwamba ni sababu nzuri kuliko yoyote ambayo yeye angeitoa.

Siku ya maonyesho aliitwa aje kuieleza kazi yake. Alisimama mbele ya wanafunzi wa shule tano na wazazi wao, shati lake limepigwa pasi kali, akawaonyesha hesabu ya kumi na mbili, akafungua na kufumba bawaba. Msichana mmoja aitwaye Nziza aliuliza kwa nini mwili utumie mikono miwili kukamata kitu kimoja, wakati mmoja ungetosha.

Nzabonimpa alimwita mbele, akampa kreti ya soda aiinue kwa mkono mmoja, kisha akamgusa kiwiko kidogo. Kreti ikayumba. Akamwambia aishike kwa miwili, akamgusa tena, na haikuyumba.

“Mukono moja ikiteleza, ya pili iko bado,” alisema. “Na sharniere, hii bawaba, iko pale kwa sababu vitu vya kukamata haviachanake sawa. Saa ingine viko karibu, saa ingine viko mbali.”

Umuhire alikuwa amesimama nyuma, anaandika kwenye daftari lake kama mwanafunzi.

Walipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na shule iliyotengeneza kikaushio cha vitunguu kinachotumia jua. Umuhire alikasirika mpaka kesho yake. Nzabonimpa alisema kikaushio kinastahili, kitawafaa watu wa Nyakiriba, isipokuwa alikikagua alipopata nafasi na kuona kimechomewa vibaya kwenye pembe, akawaambia walimu wa shule hiyo wakilete Mbugangari akirekebishe.

Mtoto wa Akaliza alizaliwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, saa nne kasoro dakika chache, mvulana. Wakampa jina la Ganza. Mama Akaliza alimpokea kwa muuguzi, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Lilikuwa jeupe. Akamfungua na la pili. Kisha akampitisha kwa Nzabonimpa, akatoka nje kwenye ukumbi na kukaa kwenye benchi peke yake karibu nusu saa. Aliporudi alikuwa na njaa, akala chakula cha mgonjwa pamoja na cha kwake.

Tangu hapo amekuwa mtu wa maneno zaidi. Asubuhi kwenye foleni ya Petite Barrière, wanawake wakiwa wamesimama na beseni na magunia yao wakingoja kuvuka, anawauliza wale wenye matumbo kama wanajua damu yao ni positif ao negatif. Mwanzoni walidhani amepata kazi serikalini. Anawaeleza kwa mikono, jinsi mumewe alivyomweleza, na anasisitiza kwamba siku hizi ipo sindano, na kwamba mama asiye na alama akiipata kwa wakati, mwili wake haujifunzi. Mmoja wao, Uwamahoro, muuza mayai, alikwenda kupimwa ili tu aachwe kwa amani. Alikuwa negatif. Alichomwa sindano kwenye mimba yake ya kwanza, na tena baada ya kujifungua. Nzabonimpa alipoambiwa na Umuhire kuwa ndani ya ile sindano mna kingamwili za watu wengine, zinazowahi kuziondoa chembe za mtoto zenye ile alama kabla mwili wa mama haujaziona, alitaka kujua walizitoa kwa watu gani, na kama watu hao wanajua zimefika mpaka huku wilayani Rubavu.

Kile chuma kinasimama darasani, karibu na dirisha. Siku za baridi wanafunzi wanatundika sweta zao kwenye mikono yake miwili, na Umuhire amewakemea mara nyingi bila mafanikio. Alipomlalamikia fundi, Nzabonimpa alimwambia awaache, aliijaribu mikono hiyo kwa uzito wa mwili wake mwenyewe kabla ya kuileta, na bawaba zinahitaji tu tone la mafuta kila mwanzo wa muhula.